Kabla hujanunua diski za Blu-ray, fungua daftari kwanza

Mpwa wangu Idrisa alinipigia simu saa nne usiku, saa ambayo simu ikilia mtu anajiuliza nani kafariki. "Shikamoo mjomba. Samahani kwa usiku huu." Marahaba, sema. Kumbe kahamia Tabata, kanunua TV ya inchi 55, na sasa hapati usingizi: aanze kukusanya diski za Blu-ray, zile zilizokuja baada ya DVD zenye picha safi zaidi, au avumilie mpaka kila filamu iwe ya kupakua tu?

Aliniuliza mimi kwa sababu kwenye ukoo wetu najulikana kama mtu wa mikanda. Kuanzia 1994 hadi 2009 nilikuwa na maktaba ya video Magomeni Mapipa, chumba kimoja, mlango wa bati, rafu tatu za mbao. Nimeuzika mkanda, nimeizika VCD, na DVD nimeishika mkono ikikata roho. Kila moja ilikuja na watu wake wa kuapa kwamba hii ndiyo ya mwisho, nunua sasa. Mwaka nilionunua mikanda mia mbili kwa mkupuo kutoka kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka lake Ilala, ndio mwaka wateja walioanza kuingia wakiuliza, "CD yake huna?" Ile mikanda ikanidodea. Mingine iliota ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Kwa hiyo ukiniambia neno "kuwekeza" kwenye diski, mimi kwanza nacheka, halafu ndipo nakusikiliza.

Haya ndiyo niliyomwambia Idrisa, pamoja na yale niliyoyasahau usiku ule.

Daftari

Dukani nilikuwa na daftari kubwa la jalada gumu jekundu. Kila mkanda ulikuwa na namba, na kila mwazimaji aliandikwa: jina, namba ya mkanda, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Mwisho wa mwaka mimi na mke wangu tulikaa tukahesabu. Mikanda ilikuwa zaidi ya mia tatu. Iliyotulipia kodi ya chumba haikufika arobaini. Mingine yote iliazimwa wiki ya kwanza, watu wakaichoka, ikabaki kupanguswa vumbi. Na hata hiyo arobaini, ukiyatazama majina ni ya watu wale wale. Kulikuwa na kondakta mmoja wa daladala aliyechukua filamu moja ya kareti mara kumi na moja. Kulikuwa na mama mmoja wa mtaa wa nyuma aliyeazima filamu ile ile ya Kihindi kila sikukuu ya Idi, mpaka mwaka mmoja nikamwambia mama, uchukue tu, ni wako.

Fanya na wewe hesabu hiyo. Andika filamu zote ulizoangalia kwa mwaka mmoja, na mbele ya kila moja andika umeiangalia mara ngapi. Usiandike unazokusudia kuzirudia, andika ulizozirudia. Idrisa alibisha, kisha akaandika, na kesho yake alinipigia sauti ikiwa imeshuka. Filamu 61. Alizoangalia mara mbili, saba. Mara tatu na kuendelea, nne. Nne! Na huyu bwana alikuwa ameshaongea na seremala amtengenezee kabati la diski mia.

Msimamo wangu ni huo: filamu ambayo umeshairudia mara tatu, inunulie diski. Iliyobaki, kodi, azima, pakua, angalia kwenye king'amuzi, vyovyote. Hakuna sababu ya kuchagua upande mmoja kama unachagua timu ya mpira. Swali linaulizwa filamu kwa filamu.

Ukiwa na daftari mkononi, kuna ukurasa mwingine wa kuandika, na huu ni wa haraka kuliko wote. CD ya harusi. Mahafali ya mtoto. Arobaini ya mzee. Diski hizo zilichomwa kwenye kompyuta ya mpiga video, hazikupigwa chapa kiwandani, na rangi inayobeba picha ndani yake hufifia kwa joto na mwanga. Hizo hakuna kampuni duniani itakayokuuzia tena, wala hazipakuliki popote. Kabla hujatoa senti kwa ajili ya filamu za Marekani, zinakili zote kwenye hard disk ya kompyuta, tena mbili, moja ikae kwa ndugu mwingine. Mimi nilichelewa. Harusi ya dada yangu, mama yake Idrisa, sasa inafika kwenye kukata keki na hapo inaganda, mshenga kafungua mdomo, haendelei.

Diski inakupa nini hasa

Tuanze na ukubwa, maana ndio unaoeleza mengine yote. CD tuliyokuwa tunawekea VCD hubeba takriban MB 700. DVD hubeba GB 4.7, au 8.5 ikiwa na tabaka mbili. Blu-ray ni GB 25 kwa tabaka moja na 50 kwa mbili. Zile za 4K, yaani za picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, zinafika 66 na hata 100. Zote zina upana ule ule wa sentimita 12, ukizipanga mezani kwa mbali ni ndugu. Tofauti iko kwenye mwanga unaosoma: DVD husomwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 650, Blu-ray kwa mwanga wa samawati-zambarau wa nanomita 405. Mwanga mwembamba husoma alama ndogo zaidi, kama sindano ya kushonea nguo ukilinganisha na ile ya kushonea magunia.

Kwenye kioo, hesabu inakuwa hivi. Picha ya DVD ya mfumo wetu ina nukta, vile vidoa vidogo vya rangi vinavyounda picha, 720 kwa 576. Blu-ray ina 1920 kwa 1080, yaani mara tano kamili. 4K ni mara nne ya hiyo.

Sasa utaniambia, mjomba, mbona kijana wa Kariakoo ananiwekea muvi ya nukta hizo hizo 1920 kwa 1080 kwenye flashi, na ni GB 1.5 tu? Hapo ndipo penye siri. Nukta ni zile zile, ila habari iliyomo kwenye kila nukta imekamuliwa. Jumamosi moja kwa Idrisa tulijaribu: filamu moja, kwanza kutoka kwenye flashi, kisha kutoka kwenye diski niliyokuja nayo. Mchana wa kwenye filamu, uwanjani, watu wanatembea, hakuna aliyeona tofauti. Ikaja sehemu ya usiku, mtu anashuka ngazi za handaki na taa ya chemli. Kwenye flashi lile giza lilikuwa limekatikakatika, viraka vya weusi juu ya viraka, kama rangi iliyobanduka ukutani, na mtu akisogea viraka navyo vinacheza. Kwenye diski giza lilikuwa giza. Ukuta wa handaki ulikuwa na unyevu, na unyevu huo ulionekana.

Mke wake Idrisa alikuwa kwenye kochi anachambua mchicha. Akainua macho, akatazama zote mbili, akasema, "Mbona sawa tu?" Nampa haki yake. Wapo wengi kama yeye, na hao wasipoteze hela.

Hata mwenye jicho kali asinunue kabla hajaichunguza TV yake. TV nyingi za inchi 32 zilizojaa mitaani zina nukta 1366 kwa 768, hata kama boksi limeandikwa HD kwa herufi za dhahabu. Ukiiwekea Blu-ray, TV yenyewe inaipunguza picha ili ienee. Angalia kwenye karatasi ya maelezo, usimwamini muuzaji. Na kama unakaa mita tatu kutoka kwenye kioo cha inchi 32, DVD safi inakutosha kabisa, hela iliyobaki lipia ada ya mtoto.

Sauti nayo ni hivyo hivyo. Blu-ray inaweza kubeba sauti isiyokamuliwa hata kidogo. Kwa spika za TV zenyewe, zile zilizofichwa nyuma zinazoongea na ukuta, hutaisikia faida hiyo.

Kuna jambo moja ambalo wakusanyaji wa diski hawapendi kuliongea. Mama yake Idrisa hasomi Kiingereza, na mimi sijawahi kushika diski ya Blu-ray yenye maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Wala Bongo Muvi ya Blu-ray sijawahi kuiona, zetu zilikwenda VCD na DVD, kisha zikahamia kwenye king'amuzi na YouTube. Kama nyumba yako ni ya Bongo Muvi na zile zilizotafsiriwa, funga ukurasa huu, Blu-ray si yako.

Huko kupakua unakokusubiri

Idrisa alisema "nisubiri downloads" kama mtu anayesubiri meli. Meli ilishatia nanga. Netflix, wanaoonyesha filamu mtandaoni kwa malipo ya mwezi, wamefungua milango huku kwetu tangu Januari 2016, walipoingia nchi 130 kwa siku moja. Swali ni meli hiyo imebeba nini.

Mtu wa Dar akisema "nimepakua" anaweza kuwa na maana tatu tofauti. Ya kwanza ni kuwekewa kwenye flashi. Hiyo ni nakala ya wizi, hata kama kila mtu anafanya, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalijua jambo hilo. Nami nilikuwa mwenye duka, nimeona mapato ya watu yakiliwa hivyo, siwezi kukupa ushauri wa namna ya kuifanya vizuri.

Ya pili ni kulipia kwa mwezi. Unaweza kupakua ndani ya programu yao ukaangalia bila mtandao, lakini unachohifadhi kina tarehe ya kufa. Usipolipa, kinafungwa. Mkataba wao na mwenye filamu ukiisha, kinaondoka hata kama umelipa. Ni sawasawa na duka langu la Mapipa, isipokuwa mimi sikuwahi kuja nyumbani kwa mtu usiku kuchukua mkanda.

Ya tatu ni kununua filamu moja moja kidijitali, na hapa ndipo watu wanapojidanganya. Kitufe kinasema "nunua", lakini unachopewa ni ruhusa. Huko Marekani kulikuwa na mfumo uitwao UltraViolet, watu wakahifadhi humo filamu walizonunua. Ulifungwa tarehe 31 Julai 2019, na wateja wakatakiwa wawe wameshaunganisha akaunti zao na maduka mengine. California ilibidi watunge sheria, imeanza kutumika Januari 2025, inayomlazimisha muuzaji aseme wazi kwamba mteja anapewa leseni tu. Kwa hiyo ukisubiri siku ambayo kupakua kutakupa filamu iwe mali yako kama sufuria ilivyo mali yako, utasubiri sana.

Sasa bando. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. Filamu ya saa mbili basi ni GB 6 au 14. Kama GB moja unaipata kwa shilingi 2,000, filamu ya HD imekula 12,000, na ya 4K 28,000, mbali na ada ya mwezi. Weka bei yako halisi hapo, upige mwenyewe. Ukiirudia filamu hiyo mara tatu unalipa mara tatu. Mwenye faiba ya nyumbani isiyo na kikomo hesabu yake ni nyingine kabisa, na kwake ningesema diski zipungue hata chini ya zile nne.

Spidi pia iangalie: wanashauri megabiti 5 kwa sekunde kwa HD na 15 kwa 4K. Pima saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umerudi nyumbani, usipime saa tisa alasiri. Na kwa anayeota kwamba siku moja atapakua faili lenye uzito wa Blu-ray kamili, tuseme GB 30: kwa megabiti 10 ni karibu saa saba, umeme usikatike hata mara moja. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuletea mtandao, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu siku moja, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Wiki hiyo kwangu kulikuwa na wageni wa kuangalia muvi kuliko siku za duka.

Wanaosema diski zimekufa

Hawajasema uongo, wameharakisha tu. Februari 2019 Samsung walisema hawatatoa tena modeli mpya za deki za Blu-ray kwa soko la Marekani. Netflix, ambao walianza kwa kutuma DVD kwa posta, walituma ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023. Best Buy, duka kubwa la vifaa vya umeme huko Marekani, waliacha kuuza diski za filamu mwaka 2024. Mwanzoni mwa 2025 zilisambaa meseji WhatsApp kwamba Sony wameua Blu-ray. Ukisoma vizuri, walichosimamisha ni diski tupu za kurekodia. Za filamu zinaendelea kutoka.

Funzo nililopata mimi ni tofauti na la wale wa WhatsApp. Diski yenyewe ukiitunza itakaa. Kitakachokusumbua ni deki. Leo nina mikanda ambayo bado ni mizima na sina cha kuichezeshea, fundi wa vichwa vya deki za mikanda pale Mapipa ameshageuka kuwa fundi wa simu. Ukiamua kununua hizo filamu zako nne, nunua deki sasa wakati bado zipo, tena nzuri.

Kununua deki bila kuunguza nyumba

Hapa nina kovu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua deki ya Blu-ray ya mtumba kwenye kibanda kimoja Kariakoo. Nzuri, nyembamba, rimoti yake ipo, waya wa HDMI nimeongezewa bure. Nikafika nyumbani nikaichomeka. Ikalia "pff", taratibu tu, kama mtu aliyekata tamaa, na moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya juu. Nilipoigeuza nikasoma mgongoni: 120V. Ilitoka Marekani. Umeme wetu ni wa volti 230. Rafiki yangu fundi alibadilisha fyuzi na kapasita mbili, nikanunua transfoma ya kushusha umeme, ikafufuka. Ikafufuka na ugonjwa wake wa pili: diski niliyoletewa kutoka Uingereza iliikataa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza dukani, kabla ya bei, igeuze deki. Tafuta 100–240V. Ukiona 120V peke yake, irudishe mezani.

Cha pili ni kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski na deki vimetengenezewa. Dunia ya Blu-ray imegawanywa A, B na C. Sisi tuko B, pamoja na Afrika yote, Ulaya na Uarabuni. Marekani na Japani ni A. India, China na Urusi ni C, na hili liwaingie akilini wapenzi wa filamu za Kihindi. Deki ya mtumba kutoka Japani haitacheza diski ya kanda B iliyofungwa. Diski zenyewe huandikwa herufi nyuma ya kasha, ndani ya alama yenye pembe sita, na zipo nyingi zilizoandikwa A, B na C zote, hizo hazina shida popote. DVD ina mgawanyo wake mwingine, humo Tanzania ni namba 5. Diski za 4K ndizo zilizofanyiwa hisani: hazina kanda.

Ambaye hataki deki ya peke yake atazame mashine za gemu, zimejaa mjini. PS3 na PS4 zinacheza Blu-ray za kawaida. 4K hazichezi, hata hiyo PS4 Pro haichezi, atakayekwambia inacheza anachanganya gemu na diski. Kwa diski za 4K tafuta PS5 yenye mlango wa diski, au Xbox One S, au Series X. PS4 inahitaji kuunganishwa na intaneti mara moja mwanzoni ndipo ikubali kucheza diski za filamu, kwa hiyo muuzaji akisema "hapa hakuna mtandao, ila inacheza", washa data ya simu yako hapo hapo dukani. Kanda inafuata mashine ilikotoka.

Nenda na diski yako mwenyewe, yenye tabaka mbili. Usiridhike na kuona menyu. Ruka hadi katikati ya filamu, kisha dakika kumi za mwisho, lenzi iliyochoka huanza kusuasua huko.

Diski mpya zinaweza kukataliwa na deki ya zamani kwa sababu ya funguo za ulinzi, na dawa yake ni kusasisha programu ya deki kwa flashi au intaneti. Fanya hivyo siku ambayo umeme umetulia. Ukikatika katikati ya kusasisha, deki inaweza kugeuka tofali. Na wakati wote deki ikae nyuma ya stabilaiza, ule umeme unaorudi kwa kishindo ndio muuaji wa vitu vya ndani mjini hapa.

Diski zenyewe zitoke wapi

Usizitafute mitaani. Kinachouzwa barabarani kikiwa na maandishi makubwa "Blu-ray HD" ni DVD iliyochomwa, ndani yake muvi nane. Igeuze: ikiwa mgongo una rangi ya zambarau iliyopauka na duara la kuonyesha kuchoma kulikoishia, rudisha. Kasha la Blu-ray halisi kwa kawaida ni la samawati, la 4K jeusi.

Njia yangu ni ndugu walioko Uingereza, kwa sababu mbili. Kanda yao ni B kama yetu, na maduka ya hisani ya kule huuza diski za mtumba kwa bei ya kutupa. Mpe mtu orodha fupi, filamu nne, siyo arobaini, maana begi la kurudi nalo lina kilo zake na kuna mama mkwe anayesubiri viatu. Mwambie akupigie picha mgongo wa kasha kabla hajalipa. Hili la picha naomba ulishike.

Kutunza, kwa kifupi

Kwenye DVD, tabaka lenye picha liko milimita 0.6 ndani. Kwenye Blu-ray liko 0.1 tu kutoka usoni, ndiyo maana viwandani huipaka ngozi ngumu. Ngozi hiyo inazuia mikwaruzo midogo vizuri, ila ikipenya, imepenya. Ule ujanja wetu wa kusugua DVD kwa dawa ya meno usithubutu kuuleta huku. Wala pindo la kanga na mate. Tumia kitambaa cha miwani, pangusa kutoka katikati kwenda pembeni, usizungushe.

Zisimamishe kwenye makasha yake, mbali na dirisha. Yale mabegi ya kuwekea CD yenye mifuko ya nailoni, kwa joto la Februari na unyevu wa pwani, nailoni hushika uso wa diski na kuacha ramani. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, viwili kwenye droo vinasaidia.

Idrisa alinunua PS4 ya mtumba, ikaonyeshwa mpaka dakika kumi za mwisho. Dada yake aliyeko Leicester akamletea zile filamu nne. Tatu zimecheza vizuri kabisa. Ya nne aliiagiza mtandaoni badala ya kwenda dukani, hakupiga picha mgongo, na kumbe ilikuwa ya Marekani, kanda A. PS4 ikaitema.

Nikamwambia ailete Magomeni. Ile deki yangu ya moshi, na transfoma yake inayonguruma chini ya meza kama friji bovu, imeipokea bila neno. Sasa kila Jumapili baada ya chakula cha mchana anavuka mji kuja kuiangalia kwangu, kwenye TV ya inchi 40, na ile ya inchi 55 inabaki Tabata na mke wake na mchicha.